Farasi anahema sana huku Dar: kabla hujasema ni pumu, gusa ngozi na pima joto

Hatamu Mkononi:

Wakuu, habari za wakati huu. Kila kaskazi ikianza kuvuma simu nazo zinaanza: "Farasi wangu anahema, nimpe dawa gani?" Na mara nyingi anayeuliza chupa tayari anayo mkononi, ameuziwa duka la dawa za mifugo na mtu ambaye farasi amemwona kwenye gwaride tu. Nimeona bora nifungue uzi tuongee hapa mara moja.

Mimi ni saisi, si daktari. Nahudumia farasi wa kupanda upande wa Kigamboni, na kabla ya hapo nilikuwa Arusha. Mambo ya sindano na vipimo nawaachia wenyewe. Ila saisi anakaa na mnyama kutwa, anaona vitu ambavyo daktari akija kwa nusu saa havioni, na hivyo ndivyo ninavyotaka kuviweka hapa.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui: farasi hapumui kwa mdomo. Mbwa akichoka anaachia ulimi nje, ng'ombe akizidiwa na joto anafungua mdomo, farasi hana hiyo njia. Nyama laini ya nyuma ya kaakaa inafunga upande wa mdomo, hewa yote inapita puani. Kwa hiyo pua ikibanwa kidogo tu, mnyama mzima amebanwa. Na ukimkuta farasi kaachama anatafuta hewa, usikae kupiga picha za kutuma kwenye kundi, mpigie daktari muda huohuo.

Akiwa ametulia anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Hesabu alfajiri, yuko bandani kwake, hajala, hajasumbuliwa na mtu. Simama ubavuni nyuma kidogo ya mbavu za mwisho, tazama pale panapoingia na kutoka. Dakika nzima, usihesabu sekunde kumi ukazidisha. Andika kwa chaki mlangoni. Mtu ambaye hajui farasi wake anapumua mara ngapi siku ya uzima, siku ya ugonjwa hana cha kulinganisha nacho.

Akienda shoti ni habari nyingine. Pale pumzi inafungwa na mguu: kila hatua moja ya shoti, pumzi moja. Hawezi kuamua avute zaidi au apunguze. Inapita 120 kwa dakika, na farasi aliyefanyishwa mazoezi vizuri anaweza kupitisha lita 1,800 za hewa kwa dakika hiyo moja. Ndiyo maana tatizo ambalo akitembea hulioni kabisa, kwenye mchanga wa ufukweni linajitokeza lote.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Huku kwetu pwani farasi anayehema si lazima awe na mapafu mabovu. Farasi anajipoza kwa jasho kwanza, pumzi inasaidia tu. Joto la Januari hadi Machi pamoja na ule unyevu wa hewa vinafanya jasho lisikauke mwilini, na wapo farasi ambao jasho lenyewe linakata. Huyo atahema kama kakimbizwa na simba huku mapafu yake ni mazima. Ukimpa dawa za pumu umepoteza hela, na mnyama anaendelea kuungua.

Karibuni tujadili. Mwenye kisa aweke.

Mpita Njia:

Aisee. Watu tunagombania daladala Mbagala, nyie mnahesabu pumzi za farasi kwa chaki. Mimi farasi nawajua wa polisi na wale wa watoto Coco Beach, basi.

Hatamu Mkononi:

Karibu mkuu, kaa pembeni usome. Naye anabeba abiria kama daladala, ila huyu hana konda wa kumsemea.

Mama Bunju:

Kaka shikamoo kama wewe ni mkubwa, na kama si mkubwa basi habari. Nina farasi jike, tunamwita Lulu, binti yangu ndiye anayempanda. Tulimnunua kutoka Arusha, ameshakaa hapa Bunju zaidi ya mwaka. Mwaka jana alikuwa mzima kabisa. Tangu Krismasi akizungushwa kidogo tu uwanjani matundu ya pua yanafunguka hivi, mbavu zinapiga, na hata baada ya saa nzima bado anahema. Kijana anayemtunza anasema ni pumu, tumemnunulia dawa ya kikohozi ya watu ile ya chupa nyekundu. Hakuna mabadiliko. Nifanyeje?

Hatamu Mkononi:

Marahaba dada, ingawa hatujajua nani mkubwa. Dawa ya chupa nyekundu iweke kando.

Kabla sijasema neno naomba mambo haya. Hesabu pumzi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Pima joto kwa themomita ile ya kuingiza nyuma, na uifunge kamba isije ikapotelea huko. Farasi mzima anacheza kati ya 37.5 na 38.5. Kisha mfanyishe ile kazi ndogo anayofanya kila siku, halafu pima tena vyote viwili palepale, na tena baada ya saa moja. Na wakati huo mpitishie mkono shingoni, begani, ubavuni na chini ya tandiko. Unatafuta jasho. Niambie limetoka wapi na wapi halikutoka.

Swali la ziada: anakohoa? Anakohoa akianza kula au akianza kutembea? Kuna kamasi puani, la rangi gani? Kuna mlio wowote, na mlio huo anautoa akivuta hewa au akiitoa? Hilo la mwisho watu wanalipuuza lakini linagawa magonjwa katikati. Mlio wa kuvuta uko juu, koromeoni. Shida ya kutoa iko chini, mapafuni.

Daktari wa Ng'ombe:

Salaam wadau. Jina lisiwatishe, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na farasi tulifundishwa pia, ila kazini nakutana na ng'ombe na mbuzi kuliko farasi.

Saisi kaeleza vizuri. Naongeza kuhusu pumu yenyewe kwa sababu ipo, tena ipo sana. Zamani ilikuwa na majina mengi, siku hizi wataalamu wameyaunganisha wanaiita pumu ya farasi, nyepesi na kali. Mzizi wake ni vumbi la nyasi kavu: chembe za ukungu, vipande vya bakteria, utitiri, pamoja na amonia ya mkojo. Nyepesi huwapata hata farasi vijana. Dalili yake ni kikohozi cha hapa na pale na mnyama kutokuwa na nguvu kama zamani, na watu husema tu kawa mvivu. Kali huwapata waliokwisha kua, miaka 7 kwenda juu kwa kawaida. Huyu wa pili utamwona akitoa hewa anaminya tumbo mara mbili: mbavu zinashuka, halafu tumbo linasukuma tena. Akikaa hivyo miezi, ule msuli wa tumbo unanenepa na mfereji unajichora kuanzia ubavuni kwenda kwenye kiuno. Ukiuona mfereji huo jua ugonjwa ni wa siku nyingi.

Kitu muhimu: pumu ya farasi kwa kawaida haina homa. Farasi anahema, ana joto 37.8, anakula vizuri, anakohoa bandani: fikiria pumu. Farasi anahema, ana 39.5, kasusa chakula: hiyo ni ambukizo mpaka ithibitike vinginevyo. Farasi anahema, ana 40, na anakula na kuchangamka akipoa: hapo ndipo nakubaliana na saisi, gusa ngozi.

Na jamani, ile tabia ya kumchoma oksitetrasaiklini, ile antibiotiki, kila mnyama anayekohoa muiache. Kwa farasi inaweza kuvuruga utumbo akaharisha mpaka kufa. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, nayo inafungua kifua kweli, lakini kwa mnyama mwenye hatari ya ugonjwa wa kwato unaweza kumponya pua ukamvunja miguu. Hizo ni dawa za daktari aliyemwona mnyama. Zipo pia zile pampu za kuvuta kama za watu wenye pumu, farasi anavalishwa kikombe puani. Zinafanya kazi, ila kama banda bado lina vumbi unajaza maji kwenye pakacha.

Fundi Keko:

Naomba kuuliza. Mimi ni fundi samani, kuna jamaa wawili wenye farasi wanakuja kuchukua maranda kwangu ya kutandikia bandani. Wanachukua yote, na lile vumbi la msumeno wanachanganya humohumo kwenye kiroba. Ina madhara?

Hatamu Mkononi:

Fundi, swali zuri kuliko yote hapa. Waambie wachukue maranda yale mapana yanayotoka kwenye randa, vumbi la msumeno wakuachie. Farasi akilala chini pua yake inakaa sentimita chache tu juu ya matandiko. Ukitaka kujua banda la mtu likoje usisimame mlangoni. Ingia, chuchumaa mpaka kichwa chako kifike pua ya farasi aliyelala, vuta hewa. Kama macho yanawasha, hiyo ni amonia, na mwenzio anaivuta kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Nimewachuchumaza mabosi kadhaa, wote walinyanyuka haraka.

Pumba za mpunga nazo watu wanapenda kwa sababu ni bei rahisi. Zina vumbi, na farasi wengine wanazila. Na kwenye chakula, pumba za mahindi kavu zikimwagwa kwenye ndoo zinatimka mpaka kwenye paa. Zinyunyizie maji kwanza, basi.

Tukiwa hapo kwenye chakula: usimpe farasi chakula cha kuku au mchanganyiko wa kiwandani ambao hujui umetengenezwa na nini. Dawa zinazotiwa kwenye chakula cha kuku kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), kama monensini, kwa farasi ni sumu ya moyo. Kidogo tu kinaua. Na moyo ukishindwa atahema vilevile, mtakaa kubishana pumu.

Mama Bunju:

Nyasi nazo? Sisi tunaletewa marobota kwenye lori, yanakaa stoo karibu na banda, ukifungua yanatoa kama moshi.

Hatamu Mkononi:

Huo moshi ndio ugonjwa wenyewe dada, ni ukungu. Pwani robota likifunikwa turubai likiwa bado na unyevu, ndani linaoza kimyakimya. Stoo ya nyasi isiwe ukuta mmoja na banda, na robota lifunguliwe nje, upepo ukielekea kwingine.

Kuloweka kunasaidia, lakini watu wa huku wanakosea kufuata maelekezo ya nchi za baridi, wanaloweka usiku kucha. Kwa joto la Dar nyasi zilizokaa ndani ya maji mpaka asubuhi zimeshachacha. Nusu saa inatosha kulaza vumbi. Toa, acha zichuruzike, mpe zikiwa bado zimeloa, maji yale mwaga mbali. Zilizobaki zikaanza kukauka usimrudishie.

Na usizitundike kwenye wavu juu. Najua picha za Ulaya zote zina wavu. Farasi akila kichwa kiko juu vumbi linamwangukia puani na kamasi haishuki. Mwekee chini, ale kama anavyokula porini, kifua chake kitajisafisha chenyewe.

Majani mabichi ndiyo bora, ukiweza kuyapata. Ila nitie tahadhari moja ili nisije nikashtakiwa: kuna pumu nyingine ya malishoni, inajulikana sana majimbo ya kusini mwa Marekani kama Louisiana na Florida, sehemu za joto na unyevu kama kwetu. Hiyo farasi anaugua akiwa nje kwenye majani msimu wa joto, na anapata nafuu akiingizwa bandani. Kwa hiyo kama umemtoa nje wiki kadhaa na anazidi, usiendelee kusema hewa safi hewa safi.

Kijana wa Temeke:

Mimi nina kisa tofauti. Mtu wa familia alikuwa na farasi wawili njia ya Bagamoyo, mvua za masika. Mmoja jioni alikula kama kawaida. Usiku akaanza kuhema na kukohoa, povu jeupe linatoka puani kama la sabuni, asubuhi hayupo. Aliyeitwa akaangalia akasema kalishwa sumu. Majirani wakagombana mpaka leo hawasalimiani. Mimi sijawahi kuamini habari ya sumu.

Daktari wa Ng'ombe:

Pole sana kijana. Bila sampuli siwezi kuapa, ila hicho ulichoeleza ni picha ya tauni ya farasi ya Kiafrika katika hali yake ya mapafuni. Virusi vinabebwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu. Pundamilia anabaki navyo bila kuugua, farasi akivipata mapafu yanajaa maji, anazama akiwa nchi kavu. Wengi wanakufa ndani ya saa chache tangu aanze kuhema, na wanaopona katika hali hiyo ni wachache mno. Hali nyingine ni ya moyo: vile vishimo vya juu ya macho vinajaa, kichwa kinavimba, inakwenda polepole zaidi. Haiambukizi kutoka farasi kwa farasi kwa kugusana, wala haimpati binadamu kwa kumhudumia mgonjwa.

Si ugonjwa wa kudharau. Mwaka 1987 uliingia Hispania na pundamilia waliotoka Namibia, na 2020 ukatokea Thailand ukaua farasi mamia. Sisi tupo nao hapahapa barani siku zote, ndiyo maana chanjo ni lazima ufikirie mapema, kabla mvua hazijaanza kuzaa usubi. Kuna chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Inatolewa kwa awamu mbili zenye wiki kadhaa katikati, na mnyama asifanyishwe kazi ngumu baada ya kuchanjwa.

Akifa farasi kwa namna hiyo, toa taarifa kwa ofisa mifugo wa eneo lako. Maabara ya Veterinari iko Temeke kwenu hukohuko. Sampuli ikichukuliwa mapema mngejua kama ni virusi au ni jirani.

Kijana wa Temeke:

Asante daktari. Kweli, vile vishimo vya juu ya macho yule wa pili vilijaa. Alipona lakini. Nitampelekea shangazi huu uzi ausome.

Hatamu Mkononi:

Hapa ndipo pwani inatutia mtihani. Usubi unaanza kuuma jua likielekea kuzama mpaka baada ya macheo. Ukiambiwa hivyo unafanya nini? Unamwingiza farasi mapema, unafunga madirisha, unashusha turubai. Umemkinga na usubi, na humo ndani umemfungia joto, vumbi na amonia. Nimeona banda moja zuri la matofali, bati chini, limezibwa pande zote, mwenyewe anajisifu hakuna hata nzi. Farasi wote wanne wanakohoa.

Ninavyofanya mimi: ukuta wa chini mzima, juu wazi kwa wavu wenye matundu madogo sana (chandarua cha kawaida cha mbu usubi unapenya), bati liko juu, na feni. Feni ndiyo mganga wangu. Usubi ni mdudu dhaifu wa kuruka, upepo unamshinda. Feni hiyohiyo inampoza farasi na inasukuma nje amonia. Umeme ukikatika ni kilio, hilo sina dawa yake. Samadi naitoa mara mbili kwa siku, na lundo halikai karibu, maana usubi wa aina nyingi unazaliana kwenye tope na samadi mbichi.

Mwanamashindano:

Umeruka wanaounguruma. Mimi wangu ni mkubwa, ana mlio kama mtu anapuliza kwenye chupa akienda shoti, akitembea kimya. Wameniambia nimpumzishe utaisha.

Hatamu Mkononi:

Mkuu, akivuta hewa au akitoa?

Mwanamashindano:

Akivuta.

Daktari wa Ng'ombe:

Basi kuna uwezekano mkubwa ni koromeo, upande wa kushoto. Neva inayofungua koromeo upande huo ni ndefu sana, inashuka mpaka kifuani inazunguka mshipa mkuu wa moyo ndipo inapanda tena shingoni. Kwa farasi warefu inachoka, mlango wa hewa haufunguki wote, hewa inapiga mluzi. Kumpumzisha hakurudishi neva. Inabidi aingiziwe kamera ya puani atazamwe, na tiba ni upasuaji wa kuuvuta ule mlango na kuukaza kwa uzi ubaki wazi. Kwa matembezi ya kawaida ya ufukweni wengi wanaishi nao bila shida, ila kwa mashindano ya kasi ni mzigo. Kama mlio ungekuwa wa kukoroma majimaji na unatokea ghafla katikati ya mbio, halafu anameza na unaisha, ningefikiria lile kaakaa laini kuhama mahali pake.

Ukiona damu puani baada ya shoti kali ni kitu kingine tena. Hiyo inatoka mapafuni, mishipa midogo imepasuka kwa shinikizo. Usioshe pua ukanyamaza.

Hatamu Mkononi:

Naongeza kidogo kwa wanaopanda ufukweni. Mchanga mkavu ule wa juu unamchosha farasi vibaya mno, atahema hata awe mzima. Subirini maji yapwe mpite kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na iwe kabla ya saa mbili asubuhi. Hii ya kutoka saa kumi jioni bado jua linachoma kwa sababu mteja anataka picha za machweo, tuambiane ukweli, ni pesa tu.

Mama Bunju:

Kaka nimerudi na majibu. Asubuhi saa kumi na mbili: pumzi 20, joto 37.9. Tumemzungusha uwanjani mwendo wa matiti, ule wa kukimbia polepole, dakika ishirini. Hapohapo: pumzi 96, joto 40.1. Baada ya saa moja kivulini: pumzi 60, joto 39.6. Jasho: chini ya singa kidogo, katikati ya mapaja ya nyuma kidogo, na pale linapokaa tandiko unyevu tu. Shingo, mbavu, mgongo, pakavu na pamoto kama pasi. Hakohoi. Kamasi hakuna. Manyoya ya usoni yamepukutika kidogo, nilidhani ni fangasi.

Hatamu Mkononi:

Dada, Lulu hana pumu. Lulu amekauka jasho. Farasi mzima kwa kazi hiyo huku Bunju angekuwa ameloa shingo yote. Hata hayo manyoya ya usoni kupukutika huwa yanafuatana nalo.

Ugonjwa huu si mpya, Waingereza waliuona zamani kwa farasi waliowapeleka India. Mnyama anatoka kwenye baridi, mwaka wa kwanza anajitahidi, vitezi vya jasho vinasukumwa mchana na usiku bila kupumzika, mwisho vinaacha kuitika. Wapo waliozaliwa hukuhuku kwenye joto na bado wakaupata, kwa hiyo usijilaumu kwa kumleta.

Kuanzia leo asipandwe mpaka daktari amwone. Akihema hivyo mwagieni maji baridi mwili mzima, mfululizo, ndoo baada ya ndoo, mpaka joto lishuke chini ya 39. Kuna wazee watawaambia maji baridi yanamkaza misuli au yanamuua. Jambo hilo lilichunguzwa sana kabla ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 kwa sababu ya joto na unyevu wa kule, na farasi waliomwagiwa maji baridi walipoa vizuri bila madhara. Usimfunike taulo la maji, linageuka blanketi. Feni, kivuli, maji ya kunywa muda wote, na chumvi.

Daktari wa Ng'ombe:

Nakubaliana. Kuna kipimo cha kuthibitisha: anachomwa ndani ya ngozi ya shingo matone madogo ya dawa ya terbutalini kwa nguvu tofauti, halafu unatazama kama jasho linatoka pale. Mwambie daktari wako hivyo. Na apime damu aondoe magonjwa ya kupe, maana farasi mwenye upungufu wa damu naye anahema akiguswa tu.

Dawa ya uhakika ya kurudisha jasho haipo. Huko Marekani wapo wanaowapa bia nyeusi, usicheke, ila sijaona ushahidi wa kukushauri uifungue. Kinachosaidia kweli ni kumtoa kwenye joto. Wengi jasho linarudi wakipelekwa kwenye ubaridi, na wakirudishwa pwani linaweza kukata tena.

Mama Bunju:

Nina ndugu Lushoto ana eneo. Kuna lori linashusha mboga huku linarudi tupu. Binti analia lakini ameelewa.

Hatamu Mkononi:

Lushoto ni pazuri. Kibali cha kusafirisha mifugo chukueni kwa ofisa mifugo kabla, msije mkakwama kwenye kizuizi na farasi juani. Tokeni usiku. Lori liwe na upepo, sakafuni kusiwe na vumbi la mboga wala nyasi zenye ukungu.

Kikubwa: msimfunge kichwa juu njia nzima. Akikaa kichwa juu saa nyingi makamasi yanashuka kifuani badala ya kutoka, ndipo anafika salama na siku mbili tatu baadaye anashikwa na homa ya mapafu. Kila baada ya saa nne simameni, mfungue kamba ainamishe kichwa mpaka chini, anywe, apige chafya zake. Akifika apimwe joto asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza. Ikizidi 38.5 ndugu yako asisubiri kikohozi, aite daktari siku hiyohiyo.

Na ile themomita ya kamba mpeni aende nayo.